Samaki hufa siku ya kubadilishiwa maji: Je, umepima ugumu wa maji yako?

KATI ya barua zote zinazofika kwenye meza ya ukurasa huu, hakuna malalamiko yanayojirudia kama haya: samaki alikuwa buheri wa afya, nikamwoshea tangi, nikambadilishia maji, na kesho yake nikamkuta anaelea tumbo juu.

Majuzi msomaji mmoja, mwanafunzi wa kidato cha tatu anayeishi Umoja hapa Nairobi, aliandika kwamba amepoteza samaki tisa kwa njia hiyo tangu mwaka uanze, na kwamba babake ameapa hatatoa hata shilingi moja tena ya kununulia wengine. Anauliza: "Je, maji ya mfereji ya Nairobi yana sumu?"

Kijana wangu, kwako wewe hayana sumu. Kwa samaki jibu ni refu kidogo, na naomba wasomaji wanivumilie kwani jibu lenyewe nililipata kwa gharama, tena nyumbani kwangu.

Miaka kadhaa iliyopita nilimnunulia binti yangu, Neema, tangi la samaki la kioo. Lilikuwa na urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kimo cha 35. Ukizidisha tarakimu hizo kisha ugawe kwa 1,000 unapata lita 63. Ukiondoa changarawe na nafasi inayoachwa juu, maji yenyewe yalikuwa kama lita 50. Fanya hesabu hii kwa tangi lako leo hii na uiandike kwenye karatasi uibandike ubavuni, kwa maana hakuna kitu tutakachotaja hapa kinachoweza kutiwa majini bila kujua idadi ya lita.

Tulitia gapi kumi na wawili. Wakati huo Neema alikuwa ametoka ziara ya shule Mombasa na mfuko wa makombe aliyonunua ufuoni. Akayaosha, akayatia tangini kama pambo. Kwa zaidi ya mwaka mmoja mambo yalikwenda salama salimini. Gapi walizaa, wakazaana, na majirani wakagawiwa watoto wao. Kisha siku moja niliona yale makombe yameota mwani na yanachukiza. Nikayatoa na kuyatupa bila kumwuliza mwenyewe.

Miezi minne au mitano baadaye likaja juma lile. Mtaani kwetu maji ya mfereji huja kwa zamu, na juma hilo zamu yetu haikufika kabisa. Landlodi akaleta lori la maji kutoka kisima kirefu, tangi la juu ya ploti likajazwa, nasi tukashukuru. Jumamosi asubuhi nikaona niwaoshee samaki. Nilitoa nusu ya maji, nikayaweka kwenye ndoo. Nusu nyingine nikaiacha kwa kuwa nilikuwa nimesoma mahali kwamba si vyema kuyatoa yote. Nikajaza maji mapya, safi, yanayong'aa.

Kufikia saa tisa alasiri gapi walikuwa juu ya maji wakitweta. Saa mbili usiku wengi wao walikuwa wamekufa. Neema hakulia mbele yangu. Aliniuliza tu, "Baba, ulitia nini?" Nikamwambia sikutia kitu ila maji. Niliona wazi kwamba haniamini, na sikuwa na la kuongeza kwa sababu hata mimi sikuelewa.

Kesho yake jirani yetu, ambaye ni mwalimu wa kemia katika shule ya upili, alipita kutusalimu. Ile ndoo ya maji ya zamani ilikuwa bado uani kwa kuwa Mama Neema aliitaka kwa ajili ya kumwagilia sukuma wiki yake. "Baba Neema, yasimwagwe hayo," akasema mwalimu, na akaenda kuleta karatasi za kupimia asidi. Maji ya ndoo, yaani yale waliyokuwa wakiishi samaki, yalionyesha pH kati ya 5.5 na 6. Maji ya lori yalionyesha 8.5.

Wasiosoma kemia wajue hivi. Kipimo cha pH huanzia 0 hadi 14. Saba ni katikati, chini yake ni uchachu wa asidi, juu yake ni upande wa magadi. Kila hatua moja ni mara kumi. Kwa hiyo kutoka 6 hadi 8 si ongezeko la mbili, ni mara mia moja. Nilikuwa nimewahamisha samaki wale kutoka dunia moja hadi nyingine kwa muda wa dakika kumi.

Lakini ndipo mwalimu akafanya jambo lililonichanganya zaidi. Alichukua chupa mbili za plastiki, akatia maji ya ndoo katika moja na ya lori katika nyingine, akadondosha maji ya sabuni na kutikisa. Zote mbili zilitoa povu jingi upesi. Kwa kipimo cha sabuni, maji yote mawili yalikuwa laini! Sasa tofauti ilitoka wapi?

Hapo ndipo somo la ugumu wa maji linapoanzia.

Mvua inapoanguka huwa haina ugumu. Maji huokota madini yanapopita ardhini. Yakipita kwenye mawe ya chokaa au matumbawe, huokota kalsiamu na magnesiamu kwa wingi, na maji hayo ndiyo yanayoitwa magumu. Sabuni ya kipande haitoi povu kwa urahisi ndani yake, karai hubaki na utando wa kijivu, na birika la chai huota gamba jeupe ndani. Yakipita kwenye mawe ya volkano kwa safari fupi, huokota kidogo tu, na hayo ndiyo maji laini.

Sehemu kubwa ya maji ya mfereji ya Nairobi hutoka milima ya Nyandarua, ambayo wengi huiita Aberdare. Chemchemi za Kikuyu zilitangulia mwanzoni mwa karne iliyopita, kisha likaja bwawa la Ruiru mnamo 1950, Sasumua miaka hiyo hiyo ya 1950, na Ndakaini mnamo 1994. Ni maji ya mvua yaliyopita kwenye msitu na mawe ya volkano, kwa hiyo ni laini. Ndiyo sababu birika la Nairobi hukaa miaka bila gamba la maana. Tena kwenye mitambo ya kusafishia, maji hutiwa shabu ili kuzoa tope, na shabu nayo hula sehemu ya ule uwezo mdogo wa maji wa kuhimili asidi. Nitaeleza uwezo huo ni nini.

Mombasa ni kinyume. Kisima kilichochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, kisiwani au pwani yote ile, hutoa maji magumu, na vingi vina chumvi juu yake. Mama wa Mombasa akihamia Nairobi hushangaa jinsi sabuni inavyotoa povu. Bomba kuu la kutoka Mzima, kule chini ya vilima vya Chyulu, huleta maji ya namna nyingine, kwa hiyo nyumba moja ya Mombasa yaweza kuwa na maji ya aina mbili, ya mfereji na ya kisima, nayo hayafanani hata chembe. Kisumu hunywa maji ya ziwa na ya mto, nayo ni laini.

Kisha kuna maji ya visima virefu vya Nairobi yenyewe na ya Bonde la Ufa, kama vile Nakuru. Haya ndiyo yaliyonifunga macho. Maji hayo hukaa chini ya ardhi kwa muda mrefu kati ya mawe ya volkano na hutoka na kalsiamu kidogo, lakini sodiamu na bikaboneti tele. Sabuni hupenda sodiamu, kwa hiyo povu litakuja tu. Lakini bikaboneti ile huyapa maji nguvu ya magadi. (Maji hayo pia mara nyingi huwa na floridi nyingi, inayotia meno ya watoto rangi ya kahawia, na kuchemsha hakuiondoi. Hilo nawaachia wenzangu wa ukurasa wa afya.)

Kwa sababu hiyo mfugaji wa samaki hupima vitu viwili, si kimoja. Kwenye vifurushi vya kupimia vinavyouzwa katika maduka ya samaki utaona herufi GH na KH. GH ni ugumu wa jumla, yaani kalsiamu na magnesiamu, ule ambao sabuni huuona. KH huitwa ugumu wa kaboneti, lakini hasa ni akiba ya maji ya kuhimili asidi. Vyote hupimwa kwa digrii za Kijerumani. Digrii 1 ni sawa na miligramu 17.8 za kaboneti ya kalsiamu katika lita moja. Chini ya miligramu 60 kwa lita maji huitwa laini, kutoka 60 hadi 120 ni ya wastani, 120 hadi 180 ni magumu, na zaidi ya hapo ni magumu mno.

Wanafunzi watakumbuka mgawanyo mwingine wa darasani, ugumu wa muda na ugumu wa kudumu. Ule wa muda hutokana na bikaboneti za kalsiamu na magnesiamu, na ukichemsha maji hutua chini kama gamba la birika. Ule wa kudumu hutokana na salfeti na kloridi, nao haujali moto. Katika maji ya kawaida ya chokaa, KH na ugumu wa muda ni karibu kitu kimoja, ila kwa maji ya kisima kirefu nimekwisha kueleza jinsi hesabu hiyo inavyovurugika.

Sasa turudi kwenye tangi la Neema. KH ni kama unga uliomo debeni. Samaki hutoa amonia kila siku, na bakteria wanaoishi kwenye changarawe na kichujio huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati. Kazi hiyo huzaa asidi, na asidi hula KH. Maadamu kuna unga debeni, nyumba hula kama kawaida na hakuna anayejua umebaki kiasi gani. Siku ukiisha, njaa huingia siku hiyo hiyo. Maji ya Nairobi huanza na unga kidogo. Makombe ya Neema yalikuwa yakiyeyuka polepole na kuujaza tena bila mtu kujua. Nilipoyatupa, akiba iliisha, pH ikashuka hadi 5 na kitu, na bakteria, ambao hawapendi asidi, wakalegea kazini. Amonia ikaanza kujikusanya.

Mbona basi samaki hawakufa wakati huo? Kwa sababu katika maji ya asidi amonia hugeuka kuwa amoniamu, isiyo na madhara makubwa. Maji yakiwa na pH 6, chini ya sehemu moja kati ya 1,000 huwa amonia yenyewe yenye sumu. Yakiwa na pH 8, katika joto la digrii 25, huwa kama sehemu 5 kati ya 100. Nilipoacha nusu ya maji ya zamani na kuongeza maji ya kisima, sikuleta sumu yoyote kutoka nje. Niliiamsha ile iliyokuwa imelala ndani. Yale maji mapya "safi" ndiyo yaliyowasha moto, lakini kuni nilikuwa nimezikusanya mwenyewe kwa miezi mitano.

Nilipomweleza Neema haya, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kwa hivyo ni makombe yangu." Nilikubali kwamba ndiyo, ni makombe yake niliyoyatupa.

Basi tuingie kwenye matengenezo ya maji, tukianza na jambo linaloua haraka kuliko ugumu, nalo ni klorini.

Klorini hutiwa kwenye maji ya jiji ili kuua viini vya kipindupindu na homa ya matumbo, na ni heri itiwe. Lakini samaki hupumua kwa mashavu yaliyo laini kama utando wa yai, na klorini huyaunguza. Njia ya zamani bado ni nzuri: tia maji kwenye ndoo pana au karai, acha wazi kwa saa 24, na kama una pampu ya hewa, itie ndani ipige mapovu. Kosa ninaloliona kila mahali ni kuweka maji kwenye jerikeni iliyofungwa kifuniko kwa juma zima na kudhani yamelala. Klorini itatokea wapi ilhali mlango umefungwa? Kosa la pili ni la wakati wa mlipuko wa kipindupindu, ambapo mama wa nyumba hutia dawa ya klorini kwenye pipa la akiba, kwa hekima kabisa, na mtoto huja kuchota kutoka pipa hilo hilo kwa ajili ya samaki. Ulizaneni nyumbani.

Vitabu vya Marekani huonya dhidi ya kloramini, ambayo haiondoki kwa kuachwa wazi. Hapa kwetu kinachotumiwa kwa kawaida ni klorini yenyewe, kwa hiyo ndoo wazi hutosha. Kama huna subira, duka la samaki litakuuzia matone ya kuondolea klorini. Vingi vya vichupa hivyo vina sodiamu thayosalfeti, ile ile "haipo" ambayo wapiga picha walikuwa wakiitumia kwenye chumba cha giza. Waweza kuinunua kwa wauzaji wa kemikali za maabara kwa bei ya chini sana. Yeyusha gramu 10 kwenye lita moja ya maji, uweke chupa yako mbali na watoto na uiandike jina. Kila miligramu moja ya klorini huhitaji kama miligramu 7 za thayosalfeti. Kwa hiyo ndoo ya lita 20 yenye klorini ya miligramu 1 kwa lita huhitaji vijiko vitatu vya chai vya mchanganyiko huo. Ikizidi kidogo haidhuru.

Kuchemsha pia huondoa klorini, lakini huondoa na hewa. Maji yaliyochemshwa yaache yapoe usiku kucha, kisha yamwage kutoka ndoo moja hadi nyingine kwa mbali mara kadhaa, kama unavyopoza chai ya mtoto, ndipo yafae.

Jambo la pili ni kujua maji yako ya wiki hii yametoka wapi. Naona hili ndilo kubwa kuliko yote kwa familia za jijini, na vitabu vya ng'ambo havilitaji kwa sababu waandishi wake hawajawahi kusubiri lori la maji. Mfereji ukiwa na maji Jumanne, mkokoteni ukileta Alhamisi na lori Jumamosi, hayo ni maji matatu tofauti hata kama yote yanang'aa. Ushauri wangu ni kuwa na jerikeni mbili au tatu za samaki peke yao, uzijaze siku ambayo mfereji una maji, uziache wazi siku moja, kisha uzifunge. Maji ya kubadilisha robo ya tangi la lita 50 ni lita 12 na nusu tu. Jerikeni tatu za lita 20 zitakutosha karibu juma la tano. Ukilazimika kutumia maji ya kisima, tia lita mbili leo, mbili kesho, samaki wapate kuzoea.

Robo moja kila juma yatosha. Nusu ni nyingi, na kuosha kila kitu kwa sabuni na kujaza upya ni kama kubomoa nyumba kwa sababu sakafu ina vumbi. Na kama tangi lako ni la zamani na hujalibadilishia maji kwa miezi, usilirukie kwa robo siku ya kwanza. Tia sehemu moja ya kumi kila siku kwa muda wa juma moja au mawili. Maji mapya yalingane joto na ya zamani. Samaki wengi wa nchi za joto wanapendelea digrii 24 hadi 26, na mwezi wa Julai Nairobi maji ya ndooni huwa baridi kuliko hayo.

Sasa wale wa maji laini ya Nairobi na Kisumu wataongezaje ugumu? Nenda duka la dawa za mifugo na pembejeo uulize makombe yaliyopondwa ya kulishia kuku wa mayai, ambayo hutiwa kwenye chakula ili ganda la yai lisiwe laini. Chagua yasiyochanganywa na dawa wala vitamini. Yaoshe mpaka maji yatoke safi, tia konzi moja au mbili kwenye soksi safi ya nailoni, funga, na uiweke mahali maji ya kichujio yanapopita. Uzuri wake ni kwamba makombe hayakimbizi mambo: maji yakielekea asidi huyeyuka zaidi, yakikaribia 8 hutulia yenyewe. Tena huongeza GH na KH pamoja, na hiyo ndiyo sababu nayapenda kuliko njia nyingine yoyote. Haya ya kuku yanatosha. Usiende kung'oa matumbawe baharini, na katika hifadhi za bahari hilo ni marufuku.

Ukihitaji haraka, tumia bekingi soda. Robo ya kijiko cha chai katika lita 50 hupandisha KH karibu na digrii moja. Yeyusha kwanza kwenye kikombe, na usizidishe kiasi hicho kwa siku moja. Haiongezi GH. Tafadhali isiwe bekingi pauda, ambayo ina asidi na wanga ndani yake. Na isiwe magadi yale yanayoivishia maharagwe na githeri! Msomaji mmoja aliwahi kuniandikia kwamba alitumia hayo kwa kuwa "yote ni magadi". Magadi hayo ni makali mno na yatarusha pH juu kwa dakika chache.

Hapa nitoke nje ya njia kidogo. Katika Ziwa Magadi lenyewe kuna samaki wadogo wa jamii ya tilapia wanaoishi pembezoni, kwenye chemchemi za moto, katika maji yenye pH kama ya 10 na joto linaloweza kupita digrii 40. Samaki wa kawaida huko hangemaliza saa moja. Hawa wamejaliwa njia ya pekee: badala ya kutoa amonia kama samaki wenzao, hutoa urea, kama sisi binadamu tunavyofanya. Wataalamu husafiri kutoka mbali kuja kuwachunguza. Wasijaribiwe nyumbani, lakini mwanafunzi wa biolojia anapaswa kujua kwamba wako nyuma tu ya vilima vya Ngong.

Wa maji magumu wana kazi ngumu zaidi, kwa maana kuondoa ni tabu kuliko kuongeza. Kuchemsha hupunguza ugumu wa muda tu. Maji ya mvua yangefaa sana, lakini mapaa yetu mengi ni ya mabati yenye zinki, na zinki huwadhuru samaki, hasa katika maji laini. Ukitaka kuyatumia, kinga mvua moja kwa moja kwenye beseni la plastiki uwanjani, baada ya mvua ya kwanza kuosha vumbi la hewani. Njia iliyo rahisi siku hizi ni maji ya kunywa yaliyochujwa kwa mitambo, yale unayojaziwa kwenye vibanda vya mtaani, ambayo mengi yameondolewa karibu madini yote. Hesabu yake ni ya darasa la saba. Lita 10 za maji yenye digrii 16, ukichanganya na lita 30 zisizo na ugumu, unapata lita 40 zenye digrii 4. Usiwatie samaki kwenye maji yaliyochujwa peke yake, kwani hayana akiba hata punje.

Walakini mimi binafsi naona kupigana na mfereji kila juma ni kujitesa. Afadhali uchague samaki kulingana na maji uliyonayo. Aliye na kisima cha matumbawe pale Likoni au Nyali, mradi maji si ya chumvi mno, ana bahati: gapi, moli, na wale siklidi wa rangi za kupendeza wa maziwa Malawi na Tanganyika hupenda maji magumu yenye pH ya juu. Aliye Nairobi na maji ya Ndakaini anaweza kufuga tetra wa neoni na wenzao wa mto Amazon bila kutia kitu, ilhali yule wa Mombasa atawaua akijaribu. Samaki wa dhahabu huvumilia mengi, ila pH ikiporomoka nao huanguka. Muuza samaki hatakuambia haya. Yeye atakuambia kila samaki ni rahisi.

Sasa nimjibu yule kijana wa Umoja. Usinunue samaki mwingine kwanza, na umwambie baba kwamba hutaki pesa bado. Chukua chupa tatu zinazofanana: moja ya maji ya mvua, moja ya mfereji, na moja ya maji yanayoletwa mfereji ukikauka. Kwangua sabuni ya kipande (si ya unga, kwa maana ile ya unga hutoa povu hata kwenye maji magumu), iyeyushe kwenye maji ya mvua ya uvuguvugu, uhesabu matone mpaka povu lidumu dakika moja katika kila chupa. Kisha mwombe mwalimu wako wa kemia karatasi za pH na upime chupa zote, pamoja na maji yaliyobaki kwenye tangi lako kama hujayamwaga. Niandikie tarakimu hizo zote, na idadi ya lita za tangi, nami nitakuambia ni kitu gani kilichowaua wale tisa.

Jumapili ijayo: kichujio cha changarawe unachoweza kujitengenezea kwa chupa ya lita mbili.